Kipepeo cha Shaba

Gari halivuti.
Ndivyo nilivyomwambia Fundi Lali, kule Maweni,
nyuma ya kinu cha kusaga, penye mchanga mweusi kwa oili
ambapo hata kuku hudonoa kwa tahadhari.
Halivuti vipi? akauliza, hajanyanyuka.
Linakohoa? Linaruka? Moshi wake wa rangi gani?
Halikohoi, nikasema, wala halina moshi.
Linakwenda tu, kama mtu aliyetumwa asikotaka.
Daraja la Sabaki navuka na heshima zangu;
kile kilima cha mbele yake ndicho kinachonifedhehesha:
magunia ishirini ya chumvi ya Gongoni, gia ya pili,
na bodaboda yenye godoro mgongoni inanipita ikipiga honi.

Na mama yako alipokuwa akiliendesha?

Mama alikuwa akilipandisha na gia ya tatu
huku akimenya chungwa.
Mtoto wa jicho ndiye aliyemshusha usukani,
akanipa funguo mimi, mtoto wa tumbo.

Wiki ya kwanza, plagi. Lali akaiinua ile kuukuu juani:
kavu, kahawia, kama biskuti iliyoiva.
Huyu si mgonjwa, akasema.
Lakini mpya nilishanunua.
Wiki ya pili, filta ya hewa. Akaipigapiga kwenye tairi,
likatoka vumbi la Mambrui lote na jani moja la mkwaju.
Nikanunua na hiyo.
Akachomoa bomba la mafuta, pampu ikatema
kwenye chupa ya soda, mtemo wa haki.
Akapiga jeki, akazungusha magurudumu kwa kidole,
moja moja, akisikiliza kama breki zinang'ang'ania.
Akaweka kiganja mdomoni mwa egzosi:
pumzi inatoka, ya moto, ya kutosha.
Breki ya mkono juu, gia ya nne, akaachia klachi,
injini ikazima papo hapo. Klachi nzima.
Kitsao, mwanafunzi wake, akasema Pijo hili limerogwa.
Lali akasema mchawi wa gari ni fundi asiyeuliza.

Wiki ya tatu akafungua kabureta.
Humo ndani mna kipepeo cha shaba:
kikilala, injini inasinzia;
kikisimama wima, hewa yote ya Malindi inaingia.
Kitsao, kanyaga.
Nimekanyaga.
Kanyaga mpaka mwisho.
Mwisho ndio huu, fundi.
Kipepeo kilikuwa kimeinama nusu, kama mtu anayeitikia salamu
bila kuacha kazi yake.

Lali hakusema neno. Akazunguka upande wa dereva,
akapiga magoti kama anayetafuta ndara uvunguni,
akabandua zulia.

Chini ya kanyagio, kipande cha mti.
Kimerandwa. Pembe zimepigwa msasa.
Skrubu mbili, zimetiwa grisi zisishike kutu.
Nikaujua ule mti: ni mguu wa kile kitanda
nilichokivunja kwa kuruka, nina miaka saba.

Kitsao alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi nilikuwa nahesabu: plagi nne, filta, siku sita bila mzigo.
Lali ameshika bisibisi.
Nitoe?

Lori la simenti likapita barabarani, tupu, likikimbia.
Nikamkumbuka Kenga wa shangazi,
aliyekipenda kile kilima wakati wa kutelemka.
Kikate nusu, nikasema.
Akakikata kwa msumeno wa chuma, polepole,
akairudisha nusu mahali pake, skrubu zile zile.
Nusu ya pili ninayo kwenye dashibodi, pamoja na leseni.

Kesho yake kilima nilikipanda na gia ya tatu.
Chungwa sikuthubutu.

Mama alinisikia kutoka uani, kabla sijazima.
Limepata pumzi, akasema. Lali amekuta nini?
Plagi, nikajibu.
Plagi, akarudia, akiuinamia ungo,
vidole vikichambua mchele ambao macho yameuacha.
Zote, au nusu?